Mgeni Njoo, Ufungwe? Rai kuhusu Wazuiliwa wa Uhamiaji

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii tunaifundisha shuleni, tunaitungia insha na kuinukuu kila tunapotaka kusifu ukarimu wa Mwafrika. Lakini je, ndugu msomaji, yule mgeni anayekamatwa usiku kwa kukosa kibali, akatupwa korokoroni na kusahaulika humo, huponywa na nani? Makala haya yanakusudia kutoa rai kuhusu hali ya watu wanaozuiliwa nchini Kenya kwa sababu za uhamiaji, na kupendekeza marekebisho ambayo, kwa maoni yetu, yamechelewa mno.

Tuanzie Kambi Muru, mtaa wa Wanubi katika Kibera. Neno kambi katika jina hilo linaafikiana na historia. Mababu wa Wanubi walikuwa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles, wakapewa makao Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Zaidi ya miaka mia moja imepita. Hata hivyo, kwa miongo mingi kijana wa Kinubi aliyetimiza umri wa miaka 18 alilazimika kufika mbele ya kamati na kuhojiwa kuhusu babu na bibi zake kabla ya kupewa kitambulisho, jambo ambalo jirani yake wa kabila jingine hakulazimishwa. Mnamo Machi 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi, hasa haki ya utaifa. Kilomita chache kutoka hapo, Kawangware, wanaishi wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, wengi wao wakizungumza Kiswahili hiki hiki tunachokienzi. Mzaliwa asiye na kitambulisho na mkimbizi aliyepoteza hati yake wote huogopa mwanga wa kurunzi ya askari. Mpaka baina ya mwenyeji na mgeni, kwa hiyo, si mpana kama tunavyodhani: wakati mwingine ni upana wa kadi moja tu.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulitazama suala hili, maana linaanza na maneno. Lugha yetu humwita anayengoja hukumu mahabusi, na aliyehukumiwa kifungo mfungwa. Je, yule aliyekwisha kutumikia kifungo chake kwa kosa la kuingia nchini bila kibali, lakini bado yumo gerezani kwa kuwa hakuna nauli ya kumrejesha kwao, tumwite nani? Si mahabusi, kwa kuwa hana hukumu anayoingoja. Si mfungwa, kwa kuwa kifungo chake kimekwisha. Hana jina. Na asiye na jina ni rahisi kusahauliwa.

Aidha, vyombo vyetu vya habari vimezoea kusema "wahamiaji haramu". Neno haramu katika Kiswahili si neno jepesi. Hubeba uzito wa dini na najisi. Ndilo tulilotumia kumdhalilisha mtoto asiye na hatia kwa kumwita mwanaharamu. Kuingia nchini bila idhini kunaweza kuwa kinyume cha sheria. Binadamu mwenyewe hawezi kuwa haramu. Pindi tunapomharamisha kwa ulimi, hatushangai tena kusikia kwamba analala sakafuni katika chumba kilichofurika.

Tukiigeukia sheria, Katiba ya 2010 inaeleza wazi kwamba kila aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24, na aelezwe sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Haikusema kila Mkenya. Imesema kila mtu. Kwa upande mwingine, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inaruhusu aliyeamriwa kuondoka nchini awekwe katika kituo cha polisi, gereza au kituo cha uhamiaji hadi atakapoondoka. Hapo ndipo penye kasoro. "Hadi atakapoondoka" ni lini? Ikiwa ubalozi wake hauleti hati za safari, au kwao kunawaka vita, siku hiyo inaweza isifike. Mwizi wa kuku huijua tarehe ya kutoka kwake. Mgeni huyu haijui.

Historia nayo inatukanya. Mnamo Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil, ikawazoa maelfu ya Waafrika, kipande mkononi, na kuwapeleka kambi za Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Mnamo Aprili 2014, miaka 60 baadaye, serikali huru ilifanya Operesheni Usalama Watch. Takriban watu 4,000 walikamatwa, hasa Eastleigh na wengi wao wakiwa Wasomali, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, katika ripoti yake ya mwaka huo, ililalamikia msongamano wa seli na watu kuzuiliwa kupita saa 24. Yamkini waliotoa amri hiyo walikuwa na nia njema. Lakini anayechagua wa kumkamata kwa kutazama uso na kusikiliza lafudhi anarudia somo alilofundishwa na mkoloni.

Wapo watakaosema kwamba usalama wa taifa hutangulia yote. Hoja hii si ya kupuuzwa. Shambulio la Westgate la Septemba 2013 liliua watu 67, na kila nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Lakini tujiulize: je, msako ule ulituletea usalama? Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na mmoja wa washambuliaji alikuwa Mkenya aliyesomea sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kitambulisho alikuwa nacho. Wavu unaomnasa kila mtu humficha anayetafutwa.

Majirani zetu wametuonyesha kwamba mambo yanaweza kubadilika. Mnamo Januari 2021, Rais John Magufuli wa Tanzania alitangaza kuachiliwa kwa raia 1,789 wa Ethiopia waliofungwa kwa kuingia nchini humo bila idhini. Huo ulikuwa msamaha. Sheria ilibaki vilevile. Afrika Kusini ilipiga hatua zaidi mnamo Juni 2017, Mahakama ya Katiba ilipoamua kwamba mgeni anayezuiliwa ili aondolewe nchini sharti afikishwe mbele ya hakimu katika muda wa saa 48. Huruma ya mtawala hupita. Haki iliyoandikwa hudumu.

Kwa mintarafu hiyo, tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, Bunge liweke kikomo cha muda wa kumzuilia mtu anayengoja kuondolewa nchini, na hakimu aipitie kesi yake mara kwa mara. Pili, aliyemaliza kifungo asirudishwe katika gereza la wahalifu. Aachiliwe kwa mdhamini au kwa sharti la kuripoti kituoni. Tatu, mtoto asizuiliwe kamwe kwa kosa la hati za wazazi wake. Nne, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, inayowatambua wakimbizi na wasio na utaifa, itekelezwe kwa kuwapatia mawakili na wakalimani. Tano, kitambulisho kitolewe bila ubaguzi. Mnamo Februari 2025, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kufuta ukaguzi wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mipakani. Usawa huo sharti umfikie pia kijana wa Kambi Muru, ingawa Kibera haiko mpakani.

Nasi tusingoje Bunge. Msomi wa Kiswahili anaweza kujitolea kuwa mkalimani wa Mkongo au Mrundi kortini, na anaweza kulikataa neno "haramu" katika kila habari anayoiandika. Tukumbuke kwamba dada zetu waliokwenda Ughaibuni kutafuta riziki za ndani ya nyumba za watu nao huzuiliwa, pasipoti zao zikiwa mikononi mwa waajiri, na huko wao ndio wageni. Tutamdai Mwarabu haki gani tusiyompa Mhabeshi? Mwenzako akinyolewa, chako tia maji.