Wodi ya Wazazi Si Studio

Leo siongelei mishono. Naongelea simu zilizoingia wodini mikononi mwa watu waliopaswa kutusitiri.

Mmeziona wenyewe. Muuguzi anacheza wimbo unaovuma, nyuma yake vitanda vya wagonjwa na mtu kajifunika shuka. Mkunga anaweka stetasi ya kichanga, "karibu duniani mrembo," na pembeni unaonekana mkono wa mama aliyechoka hata kuuinua hawezi. Mtu wa maabara anapiga picha ya chai yake na andazi, chini ya kikombe ipo fomu yenye jina la mtu na majibu yake. Wengi wao hawana nia mbaya, nakubali. Anataka kupongeza, anataka kuonyesha anaipenda kazi yake, au usiku wa zamu ni mrefu. Lakini picha ikishatoka imetoka, na nia ya aliyeiposti haiendi nayo huko inakokwenda.

Ukiuliza, utaambiwa: "Mbona uso nimeuficha?" Hapo niacheni niseme kama fundi. Nashona nguo za harusi hapa Mungaa, wilaya ya Ikungi mkoani Singida, na mteja wangu namtambua kwa mkono wa gauni tu. Najua marinda niliyakunja vipi, lesi ile nani aliichagua na nani aliipinga. Mpaka hina naye analijua ua lake hata likibaki nusu kiganjani. Bibi harusi aliyeolewa mwaka jana anajulikana kwa pete, kwa kovu la mkono, kwa kanga aliyopewa na mama yake. Kijijini kwetu ukisema tu "leo mama mmoja kajifungua mapacha kwa upasuaji," umeshamtaja jina na ukoo. Nadhani mitaa ya Mji Mkongwe au Wete nako hakuna tofauti. Kumbandika mtu kikatuni usoni halafu ukasema umemsitiri ni kujidanganya.

Wengine husema waliomba ruhusa. Uliiomba lini? Mwanamke yuko leba, uchungu unampanda, na anayemwomba ruhusa ndiye huyo huyo atakayemkata kitovu mwanawe na kumshona baadaye. Atakubali chochote. Hiyo siiiti ruhusa. Anayetaka kufundisha watu kwa picha amsubiri mgonjwa apone, arudi nyumbani, avae, akae na mumewe au mama yake, ndipo amuulize, na awe tayari kukataliwa.

Sheria yenyewe inataka zaidi ya kuitikia kwa kichwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka habari za afya ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti, na taarifa hizo hazitumiki bila idhini ya maandishi iliyotolewa kabla. Tume yake Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Mtu binafsi anayetoa taarifa za wengine kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 20 au kufungwa hadi miaka 10. Sidhani kama kila anayeshika simu wodini anajua hilo.

Majirani zetu wameshaanza kuonja. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliutoza ukumbi mmoja wa starehe wa Nairobi shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Huyo ni mtu aliyekwenda kustarehe, amevaa amependeza, na bado haki yake ikatambuliwa. Mwanamke aliyelala bila nguo akisubiri daktari tumpe haki ndogo kuliko ya mteja wa baa?

Wala si jambo la masikini tu. Machi 2024 huko Uingereza iliripotiwa kwamba kuna mfanyakazi wa hospitali ya London Clinic aliyejaribu kufungua faili la Catherine, mke wa Mwana wa Mfalme William, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji hapo miezi miwili kabla. Mamlaka ya taarifa ya nchi hiyo ilithibitisha kwamba imepokea ripoti ya jambo hilo. Kama faili la mtu mwenye walinzi mlangoni linachunguliwa, la kwako lililo kwenye boksi la karatasi linalindwa na uaminifu wa aliye mezani, basi.

Na uaminifu huo wanawake wa Kiswahili mnaujua kabla hata hospitali hazijajengwa. Somo anamfunda mwari, anaona mwili wake, anasikia hofu zake za usiku wa kwanza, na hayo yanabaki naye mpaka kaburini. Mwosha maiti anaona ambayo mume hakuyaona, akitoka nje hasemi neno. Angesema, nani angemwita tena? Wauguzi nao wana kiapo. Kile kiitwacho cha Nightingale kilitungwa Marekani mwaka 1893 na ndani yake kuna ahadi ya kutunza siri za mgonjwa na za familia yake. Sisi Waislamu tuna zaidi ya kiapo. Surat An-Nur aya ya 27 inatufundisha tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kutoa salamu. Nyumba ya matofali inapigiwa hodi, sembuse mwili wa mja wa Mwenyezi Mungu. Na mnaijua hadithi aliyoipokea Imam Muslim kuhusu malipo ya anayemsitiri Muislamu mwenzake.

Kwa mabibi harusi watarajiwa jambo hili lina ukali wake. Siku hizi posa nyingi hufuatwa na vipimo: VVU, homa ya ini, selimundu. Ni jambo jema na mimi nalihimiza. Lakini majibu ni ya binti na ya kijana, si ya shangazi wa maabara. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya VVU yawe siri. Chukua hata kisichokuwa ugonjwa: binti akikutwa amebeba kinasaba kimoja cha selimundu, yeye mwenyewe haumwi, na kinachohitajika ni ushauri wa kitaalamu kati yake na mchumba wake. Karatasi hiyo ikipigwa picha, kufika magharibi atakuwa "ana damu mbovu," posa imevunjika, na mdogo wake naye ameshahesabiwa. Nani atakwenda nyumba kwa nyumba kueleza maana ya kinasaba?

Tena aibu hiyo huwaangukia wanawake zaidi. Aprili 2020 Kenya iliwaonyesha kwenye televisheni vijana wawili waliopona Korona, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, ili watu wapate matumaini. Muda si muda mazungumzo na picha za faragha za yule binti zikawa zinazunguka mtandaoni, kejeli juu yake, mpaka Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akataka wanaozisambaza wakamatwe. Hawakuwa wahudumu wa afya, walikuwa watu kama sisi, wenye vidole na bando.

Ninachokiogopa zaidi hakipigiwi kura mtandaoni. Ni yule mama wa kijijini ambaye ameshaiona video moja ya leba kwenye simu ya jirani, akaamua kimya kimya kwamba yeye atazalia nyumbani. Au dada mwenye damu isiyokatika wiki ya tatu, anasema itaacha yenyewe. Hatamwambia mtu sababu. Tumetumia miaka mingi kuwashawishi wanawake waende kliniki, na wakunga wengi wazuri wamejenga imani hiyo kwa mikono yao, usiku, kwa taa ya tochi. Mmoja mwenye simu anaibomoa kwa sekunde thelathini. Ndiyo maana nasema wakunga wenyewe wangepaswa kuwa wa kwanza kumwambia mwenzao aifute.

Sisemi simu zote zipigwe marufuku. Ndugu anayerekodi mgonjwa wake akitukanwa au akidaiwa rushwa ana jambo lake, ingawa naye aangalie asiwachukue wagonjwa wa vitanda vya jirani. Na mama anayeposti kichanga chake mwenyewe hayo ni yake.

Likikupata, au likimpata mwenzio, chukua skrinshoti moja inayoonyesha akaunti, tarehe na saa. Usiirushe kwenye kundi eti "jamani oneni," maana hapo unamvua mara ya pili. Ipeleke kwa mganga mfawidhi na uandike barua, ubaki na nakala. Wa Bara, asiposikia nendeni Baraza la Uuguzi na Ukunga au kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wa Visiwani, afya si jambo la Muungano, kwa hiyo anzeni na uongozi wa hospitali na baraza la wauguzi la Zanzibar, na mjue kwamba kifungu cha 15 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinalinda faragha yenu.

Na wifi na mama wakwe, hili ni lenu: acheni kumpigia muuguzi simu "tutumie picha ya mtoto." Najua baba yuko Muscat, hajalala, anataka kumuona mwanawe. Mama akipata nguvu atapiga picha kwa simu yake mwenyewe, kavaa mtandio wake, na atachagua ya kutuma.