Nirudishieni dirisha jeusi!

Leo nina hasira, kwa hivyo mwenye roho nyepesi asisome zaidi ya hapa.

Kila nikisema kwamba gumzo la kazi nalifanyia kwenye terminali, kwa programu ya maandishi matupu, watengeneza programu wenzangu hapa Kisii hucheka. "Bado uko enzi za mawe?" Ati najifanya. Ati nataka abiria wa matatu ya Nyamira waone herufi za kijani kwenye skrini nyeusi waniite mdukuzi. Haya, chekeni. Mkimaliza nisikilizeni, kwa sababu mimi nilifuta majani chai ya watu ndipo nikaelewa.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa nyumbani, upande wa Nyamira, jioni ya mvua. Kwa wasiopajua: mvua ya huku ikianza, stima hupotea, na mtandao hushuka hadi ile herufi E pembeni mwa simu. Mwenzangu alikuwa Kisii mjini, kwenye faiba yake, hana habari na mvua. Tulikuwa tunatunza mfumo mdogo wa kikundi cha wakulima. Karani anapima majani kituoni, kilo zinaingia kwenye hifadhidata, mwisho wa mwezi mkulima analipwa. Kazi yangu usiku ule ilikuwa kuendesha skripti ya kuondoa rekodi zilizojirudia.

Nikaingia kwenye seva kwa ssh. Kwenye E! Herufi zilikuja moja moja kama kobe, lakini zilikuja. Upande wa pili wa skrini kulikuwa na ile programu kubwa ya gumzo ambayo mteja alitaka tuitumie (siitaji jina). Ilikuwa inazungusha kigurudumu. Inazunguka. Inazunguka. Nikasema itafunguka tu. Nikabonyeza Enter.

Kigurudumu kilitulia dakika arobaini baadaye. Ndipo nikaona ujumbe: "Kaka, usiendeshe ile skripti. Ina kasoro, na nakala za akiba tangu Jumapili ni tupu." Ulikuwa umetumwa robo saa kabla sijabonyeza. Alikuwa amepiga simu pia, mara mbili. Lakini simu ndiyo iliyokuwa modemu yangu, nimeining'iniza dirishani, mahali pekee mtandao unapoingia, na mvua ikipiga mabati husikii hata jirani akipiga yowe.

Kilo za siku tatu zilikwenda. Tulizirudisha kwa kuzunguka kituo hadi kituo tukinakili risiti za karatasi. Waliopoteza risiti, au zikalowa, tuliwakadiria. Mama mmoja aliniuliza, "Kijana wangu, majani niliyachuma kwa mikono yangu. Yamekwenda wapi?" Ningemjibu nini? Kwamba kigurudumu kilikuwa kinazunguka?

Kosa ni langu, silikimbii. Nilipaswa kukagua nakala za akiba kwanza, na nilipaswa kusubiri. Lakini tazama jambo hili vizuri: laini ile ile, dakika ile ile, ilitosha kufuta data na haikutosha kunionya nisifute. Hilo silo kosa la mvua. Mvua imenyesha Nyamira tangu enzi za mababu. Ni kosa la sisi tunaochagua vyombo vya kazi kana kwamba kila mtu anaishi juu ya faiba.

Tuhesabu kidogo. IRC ilibuniwa mwaka 1988 na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland. Itifaki yake, kama ilivyoandikwa mwaka 1993, inasema ujumbe mmoja usizidi baiti 512, pamoja na alama za mwisho wa mstari. SMS moja hubeba baiti 140. Kwa hivyo ujumbe mrefu kabisa wa IRC hauzidi SMS nne! Onyo la mwenzangu lingeingia kwenye mstari mmoja na nafasi ikabaki. Kwa upande mwingine, nyingi za programu kubwa za gumzo za kwenye kompyuta zimejengwa juu ya Electron, maana yake kila moja imebeba kivinjari kizima cha Chromium tumboni. Kivinjari kizima ili kusema "usiendeshe"! Ni kama kukodi lori kumpelekea jirani chumvi ya shilingi kumi.

Najua utaniambia, "Nunua bando kubwa, bwana." Hujanielewa. Uzito ni nusu tu ya hoja. Nusu ya pili ni hii: nani anaamua utumie programu gani?

Google Talk ilipoanza mwaka 2005 ilitumia XMPP, itifaki ya wazi. Mtu aliweza kuingia kwa programu yoyote inayoielewa, hata ya terminali. Mwaka 2013 wakaleta Hangouts, ambayo haikuwa ya XMPP, na safari ikawa ya kuelekea mlango mmoja tu, mlango wao. Facebook nao walifungua mlango wa XMPP kwenye gumzo lao mwaka 2010, wakaufunga mwaka 2015. Mimi na wewe hatukuulizwa. Wazee walishasema: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Sasa linganisha mambo mawili ya mwaka 2021. Mwezi Mei ulizuka ugomvi wa umiliki kwenye mtandao wa IRC wa Freenode. Wahudumu wake wakajiuzulu, na tarehe 19 wakafungua Libera.Chat. Watumiaji walifanya nini? Walibadilisha jina la seva kwenye mipangilio. Basi. Irssi, programu ambayo imekuwepo tangu 1999, iliendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Kisha tarehe 4 Oktoba, Facebook, WhatsApp na Instagram zikazimika duniani kote kwa takriban saa sita. Huko ungebadilisha jina la seva gani? Hakuna. Tulikaa tukiwasha na kuzima simu kama watoto.

Ndiyo maana nasema terminali si ushamba wala si maringo. Programu ya maandishi inaweza kuishi tu pale itifaki ilipo wazi. Ukiona chombo cha gumzo ambacho hakikubali programu ya maandishi kabisa, jua kuna mtu ameshika ufunguo na si wewe.

Sisi wawili tulibadilika baada ya kisa kile. Tumekodi seva ndogo. Ndani yake inaendesha tmux, na ndani ya tmux inaendesha irssi:

tmux new -s gumzo
irssi
/connect -tls irc.libera.chat 6697

Mimi naifikia kwa mosh, iliyotengenezwa MIT na kutolewa mwaka 2012 kwa ajili ya laini mbovu kama zetu. Laini ikikatika, inasubiri; ikirudi, inaendelea pale pale. Stima ikipotea na laptopu ikazima, gumzo halipotei kwa sababu haliko kwenye laptopu. Nikirudi naandika tmux attach -t gumzo, naona kila kilichosemwa nikiwa gizani. Na onyo hukaa kidirisha cha juu, kazi kidirisha cha chini. Zote mbili zinapita kwenye laini moja, kwa hivyo kama onyo haliwezi kufika, na amri yangu pia haiwezi kufika. Hapo ndipo usalama ulipo!

Sisemi IRC haina ila. Picha na sauti, sahau. TLS inalinda maneno yako hadi kwenye seva tu, si hadi kwa mwenzako, kwa hivyo nywila usiziandike humo. Anayetaka usiri wa mwisho hadi mwisho atazame XMPP kwa Profanity, ambayo nayo ni ya terminali na inajua OMEMO. Wala simwambii mama yangu aache WhatsApp. Picha za wajukuu hazitumwi kwa irssi. Nazungumzia kazi, pale neno moja likichelewa mtu anakosa malipo yake.

Kwa hivyo wewe unayemchagulia mteja chombo cha gumzo, na wewe mhadhiri unayewalazimisha wanafunzi programu moja kwa matangazo yote ya darasa, jaribuni kitu kimoja kabla ya kuamua. Pandeni matatu hadi kijijini, msubiri mvua, simu iandike E, kisha mtume neno "simama" kwa chombo chenu.

Lisipofika, msinicheke tena. Nendeni mkamwelezee yule mama kilo zake zilikwenda wapi.