Bunia: mgeni wa kazi anataka risiti kuliko rangi mpya

Mji wa Bunia unapokea wageni wa kazi kila mara: wafanyabiashara kutoka Butembo, Aru na Kampala, wanunuzi wa zahabu wanaoelekea Mongbwalu, wahandisi, wafanyakazi wa mashirika ya misaada. Wengine wanakaa wiki mbili ao mwezi mmoja. Kwa muda huo hoteli inakula pesa nyingi, na nyumba ya kawaida inadaiwa garanti, ambayo sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inaruhusu ifike miezi mitatu. Nani atatoa garanti ya miezi mitatu kwa kulala siku ishirini?

Hapo ndipo mwenye nyumba yenye vifaa ana nafasi, iwe Lumumba, Mudzipela ao Sukisa. Lakini wengi wanapaka rangi, wananunua viti vikubwa, kisha wanashangaa mgeni harudi.

Sababu haiko mbali. Mara nyingi mgeni wa kazi halipi kwa mfuko wake. Akirudi ofisini anaombwa karatasi yenye jina la nyumba, hesabu ya siku, bei, mhuri na namba ya kodi. Akiikosa, hasara inabaki kwake. Safari ijayo atakwenda hotelini, hata kama kwako alilala vizuri.

Bei nayo iandikwe. Komisyoneri anayeangalia gari la mgeni ndipo ataje bei anawafukuza wote, kwa kuwa wageni wanaongea wao kwa wao.

Umeme, maji na intaneti visingoje bahati: paneli ya jua, betri na tangi vinamtosha mtu anayeandika ripoti usiku. Tena, jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Jina la mgeni liandikwe, na shefu wa mtaa ajulishwe, ili majirani wasiwe na wasiwasi.

Serikali nayo ina sehemu yake. Kama kupata namba ya kodi kunadai siku nyingi na pesa za chini ya meza, wenye nyumba watabaki wamejificha, na hazina haitapata kitu.

Lakini dola zisitupofushe. Familia nyingi zilizokimbia vita vya Djugu na Irumu zinapanga humu mjini. Kumfukuza mpangaji bila kumpa muda wa sheria, ili kumpisha mgeni wa wiki mbili, si biashara. Ni dhuluma.