Nyumba Njema Si Mlango

Mara nyingi vijana wetu huizungumza Marekani kana kwamba ni nyumba ya chumba kimoja. Husema, "Huko maisha ni mazuri," na hapo mazungumzo hukoma. Lakini Marekani ni majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake, kodi zake, shule zake na sheria zake za kazi. Jumapili hii natuyatazame mawili tu: Massachusetts, lililoko kaskazini mashariki kwenye pwani ya Atlantiki, na Mississippi, lililoko kusini. Bendera yao ni moja, sarafu moja, rais mmoja. Je, maisha ya mfanyakazi na watoto wake nayo ni mamoja?

Tuanze na mfuko. Mwaka 2023 kaya ya kipato cha katikati Massachusetts ilipata karibu dola 100,000 kwa mwaka. Ya Mississippi ilipata karibu dola 54,000. Kima cha chini cha mshahara Massachusetts kimekuwa dola 15 kwa saa tangu Januari 2023. Mississippi halina sheria yake ya kima cha chini. Mfanyakazi hutegemea kile cha taifa zima, dola 7.25, ambacho kiliwekwa mwaka 2009.

Mama wa nyumba atauliza mara moja: na bei je? Swali ni la haki. Massachusetts nyumba ya kawaida hupita dola 500,000, na kodi ya pango mjini Boston humeza mshahara kabla haujafika jikoni. Mississippi nyumba ni rahisi mno, na wanaoishi katika nyumba zao wenyewe ni wengi zaidi. Ila, huko Mississippi hata unga na mboga za dukani hutozwa kodi ya mauzo: ilikuwa asilimia 7 hadi ilipopunguzwa kuwa 5 Julai 2025. Massachusetts chakula cha namna hiyo hakitozwi. Kwa hiyo, kwa hesabu ya mfuko peke yake, mtu aweza kubishana hadi jua lichwe.

Lakini nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Mwaka 2024, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Mississippi, karibu 10 walifariki kabla ya kutimiza mwaka, hata Agosti 2025 idara ya afya ya jimbo ikatangaza hali ya dharura. Massachusetts idadi hiyo haifiki nusu. Mwezi Agosti 2022, katika Jackson, mji mkuu wa Mississippi, mtambo mkuu wa maji uliharibika baada ya mafuriko, na watu wapatao 150,000 wakakosa maji salama. Walipanga foleni kugawiwa maji ya chupa, katika nchi tajiri kuliko zote duniani.

Tofauti hii haikushuka na mvua. Mwaka 1860 zaidi ya nusu ya watu wa Mississippi walikuwa watumwa katika mashamba ya pamba, na waliolitawala jimbo baada ya hapo hawakuona faida ya kumsomesha wala kumtibu mtoto wa mtu mweusi. Massachusetts lililazimisha watoto kwenda shule tangu mwaka 1852. Mississippi lilifanya hivyo mwaka 1918, la mwisho kuliko majimbo yote. Mwaka 2006 Massachusetts lilipitisha sheria ya kila mkazi kuwa na bima ya afya, na sasa karibu watu 97 katika kila 100 wanayo. Mississippi, hadi mwaka 2025, lilikuwa bado halijakubali kuupanua mpango wa Medicaid, unaowatibu watu wa kipato cha chini, ingawa serikali kuu hulipa sehemu kubwa ya gharama.

Hata hivyo tusilidharau jimbo maskini. Mwaka 2013 Mississippi lilikuwa la 49 katika majimbo kwa usomaji wa watoto wa darasa la nne. Mwaka huo huo likatunga sheria: walimu wafundishwe upya namna ya kufundisha kusoma, wakufunzi wapelekwe kwenye shule dhaifu, na mtoto asiyeweza kusoma asivuke darasa la tatu. Mwaka 2024 likawa la tisa. Wala halikuwa limetajirika. Liliamua, likadumu katika uamuzi wake.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi, wazazi wenzangu, kijana akisifu nchi au mji wowote, msimwulize kwanza mishahara ni kiasi gani. Mwulizeni mtoto mchanga huko anaishi, maji yanatoka, mgonjwa asiye na fedha anapokelewa, na mtoto wa mfagiaji anajua kusoma. Majibu ya maswali hayo ndiyo maisha yenyewe.