Safari Ipimwe kwa Mguu wa Aliye Dhaifu



Katika vikao vya kamati ya msikiti, lalamiko lisilokosekana kila mwaka ni la urefu wa swala. Vijana husema imamu ana haraka. Wazee husema imamu hawahurumii. Na kila mara sheikh wetu huturejesha kwenye kanuni ileile tuliyosomeshwa chuoni: imamu huipima swala kwa aliye dhaifu miongoni mwa walio nyuma yake. Mgonjwa, mzee, mama mwenye mtoto mchanga, hao ndio kipimo. Kanuni hiyo tumeiandika mara nyingi katika kumbukumbu za vikao, lakini haikutupitikia kwamba siku moja ingetufaa katika kupanga likizo.

Baadhi yenu mmetuomba tueleze namna ya kupanga safari fupi ya Asia yenye kuona miji, kuonja vyakula na kupanda mlima. Tutawajibu kwa safari tuliyoifanya sisi wenyewe nchini Malaysia, mwezi wa Juni, watoto wakiwa likizo. Tulikuwa watano: sisi wawili, binti yetu wa miaka 13, kijana wa miaka 10, na mama yetu mzazi, ambaye magoti yamekuwa yakimsumbua kwa muda mrefu.

Mpango wetu wa kwanza tuliuandika kama ajenda ya mkutano mkuu. Kuala Lumpur, Melaka, Cameron Highlands, Penang, Langkawi, kisha Singapore, yote kwa siku 7. Tulipomsomea mama, alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Nyinyi nendeni, wanangu. Mie mtanihadithia." Tuliichukulia kauli ile kuwa ni ruhusa. Aliyetuzindua ni mwenzetu wa nyumbani. Aliichukua karatasi, akahesabu siku ambazo mama angezimaliza chumbani au ndani ya gari akitusubiri. Zilikuwa 5 kati ya 7. Akatuuliza, "Sasa mama tunampeleka Malaysia, au tunampeleka hotelini?"

Karatasi ile tuliichana usiku uleule.

Mpango wa pili tuliuanzia mlimani. Wengi huchagua mji kwanza, kisha wakatafuta mlima ulio karibu. Lakini mji na chakula huwakusanya watu, mlima ndio unaowagawa. Mlima Kinabalu, ulioko Sabah, una mita 4,095 na kwa kawaida huhitaji siku mbili, kibali na kiongozi. Huo tuliufuta bila majuto. Tukachagua kilima cha Penang, chenye mita 833, kwa sababu moja tu: kina njia ya miguu, na pia kina reli. Tangu mwaka 1923 kuna behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma kutoka Air Itam hadi juu, na mabehewa mapya yaliyoanza kazi mwaka 2011 hupanda moja kwa moja bila kubadilisha. Mwenye miguu atembee, mwenye magoti apande, na wote wakutane juu. Baada ya hapo, yaliyobaki yalijipanga yenyewe: miji miwili, mlima mmoja, na katika kila siku nusu moja isiyo na ratiba.

Siku ya kwanza hatukuipangia kitu. Malaysia imetangulia saa zetu kwa saa 5, na mwili huchelewa kuzoea. Kutoka uwanja wa ndege, treni ya haraka hufika KL Sentral, katikati ya mji, kwa muda usiozidi nusu saa. Tulitafuta malazi karibu na kituo cha treni, ingawa chumba kilikuwa kidogo, kwani kila hatua tuliyompunguzia mama asubuhi tuliikuta jioni.

Siku ya pili tuliianzia Masjid Jamek, uliofunguliwa mwaka 1909 pale mto Gombak unapoungana na mto Klang. Makutano hayo yenye matope ndiyo yaliyoupa mji jina la Kuala Lumpur. Kisha tulikwenda Masjid Negara, msikiti wa taifa wa mwaka 1965, wenye paa mfano wa mwavuli na mnara wa mita 73. Jirani yake ipo Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu. Hapo mama alikaa muda mrefu kuliko sisi sote, kwani mna misahafu ya zamani, vitambaa, na mifano midogo ya misikiti ya dunia, na mna viti.

Siku ya tatu, asubuhi, tuliingia Bukit Nanas, msitu uliohifadhiwa tangu mwaka 1906 katikati ya majengo marefu. Binti yetu alilisoma jina akacheka: nanas ni nanasi! Tangu hapo ilikuwa mchezo wa watoto kuyatafuta maneno ya Kimalay ambayo sisi tunayo. Walikusanya dunia, sabun, Jumaat, Khamis na mengineyo, mengi yao yakiwa ni amana ya Kiarabu kwetu na kwao. Jioni tuliyatazama majengo pacha ya Petronas, yenye mita 452, tukiwa chini, bustanini. Tiketi ya kupanda juu hatukuinunua, na hakuna aliyeidai.

Sasa tuseme juu ya chakula. Mtu wa pwani yetu hafiki Malaysia akawa mgeni kabisa. Nasi lemak, kitoweo cha asubuhi cha wenyeji, ni wali wa nazi unaoliwa na dagaa wa kukaangwa, karanga, tango, yai na pilipili ya kusaga. Satay ni mishkaki midogo ya kuchovya katika mchuzi wa karanga. Laksa ya Penang ni supu ya samaki yenye tambi na ukali wa ukwaju. Nasi kandar ni wali wa Waislamu wenye asili ya Kitamil, uliopata jina lake kutokana na mzega ambao wachuuzi waliubeba begani, wali upande mmoja na michuzi upande wa pili. Mama alitaka kila kitu kielezwe kwa jina la nyumbani kabla hajakitia mdomoni, na karibu kila kitu kilikuwa na jina. Hata matunda: shokishoki zilijaa sokoni, na Juni na Julai ndio msimu wa doriani Penang. Hoteli nyingi haziruhusu doriani kuingizwa ndani, na harufu yake haina siri. Lile hukohuko sokoni.

Hata hivyo, tahadhari ipo. Malaysia ni nchi ya Waislamu wengi, lakini si kila jiko ni halali. Mapishi mengi ya Wachina wa Penang, hata yanayoonekana kuwa ni tambi na kamba tu, huweza kutiwa mafuta ya nguruwe. Tazama alama ya halali ya JAKIM, idara ya serikali inayosimamia jambo hilo, na kama haipo, uliza. Muuzaji hachukizwi na swali hilo. Kanuni yetu ilikuwa chakula kimoja kigeni kwa mlo. Tumbo la mtoto likichafuka siku ya tatu, siku ya nne na ya tano huondoka nalo.

Siku ya nne tulipanda treni ya umeme hadi Butterworth, mwendo wa saa 4 hivi, kisha kivuko kilicho jirani na kituo kikatuvusha hadi George Town. Mlima tuliuweka siku ya tano, si ya sita, kwa makusudi. Mvua za nchi ile hupenda kunyesha alasiri, na mlima uliowekwa siku ya mwisho ukinyeshewa haurudi tena. Tuliacha siku moja nyuma yake iwe akiba.

Siku hiyo tuliswali alfajiri, tukaanza kutembea kulipopambazuka. Kutoka lango la Bustani ya Mimea kuna barabara nyembamba ya lami ya kilomita 5 hivi hadi juu. Usidanganyike na lami. Mwinuko wake ni mkali, na kijana wetu aliyeanza kwa mbio alimaliza kwa kushikwa mkono. Beba maji ya kutosha, vaa viatu visivyoteleza, na usishike chakula mkononi, kwani tumbili wa pale hunyang'anya. Mavazi ya stara hayazuii mlima: mwenzetu alipanda kwa vazi jepesi la pamba, refu na pana, akatutangulia.

Mama na binti yetu walipanda behewa. Tulikuwa na wasiwasi nao njia nzima, na pengine ndiyo iliyotuharakisha. Tulipofika, nguo zimelowa jasho, tuliwakuta kwenye benchi, mji na bahari vikiwa chini yao. Mama alikuwa ameshaswali dhuha katika msikiti ulioko hukohuko juu, na ameshafanya urafiki na bibi mmoja wa Kimalay, ingawa lugha waliyokuwa nayo ni salamu na yale maneno machache ya watoto. Alitutazama, akasema, "Mbona mmekawia? Mie nimeshazoea baridi." Tulishuka wote kwa behewa. Magoti ya vijana nayo huumia wakati wa kushuka, ingawa hawasemi.

Siku ya sita ilikuwa ya George Town, mji uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na Melaka. Tuliswali katika msikiti wa Kapitan Keling, ulioasisiwa mwaka 1801 na Waislamu wenye asili ya India. Si mbali na hapo ni msikiti wa mtaa wa Acheh, wa mwaka 1808, uliojengwa na mfanyabiashara wa nasaba ya Kiarabu kutoka Aceh. Mtaa huo ulikuwa kituo cha mahujaji waliosubiri meli za Jeddah. Masharifu na Wahadhrami waliofika huko ni ndugu wa wale waliofika Lamu, Mombasa na Unguja. Bahari ni moja.

Tumalizie na matayarisho. Safari hii tuliiwekea akiba kwa miaka miwili, katika daftari maalumu, baada ya ada za shule kulipwa. Hatukukopa. Likizo si faradhi, na deni la likizo hudumu kuliko picha zake. Kabla ya kulipa tiketi, uliza ubalozini masharti ya viza kwa pasipoti yako. Malaysia humtaka mgeni ajaze fomu ya kuwasili mtandaoni katika siku 3 kabla ya kufika, na hudai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka nchi zilizo katika orodha ya maradhi hayo. Kiweke cheti pamoja na pasipoti, si ndani ya sanduku.

Na swala? Wenyeji wa huko ni Mashafii kama sisi, na maduka makubwa mengi yana surau, yaani chumba cha kuswalia. Kwa kuwa kila mji tulikaa chini ya siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, tulibaki wasafiri, tukakusanya na kupunguza. Tulipoingia nyuma ya imamu mkaazi tulitimiza rakaa 4. Ratiba iliyopangwa kuzunguka adhuhuri na alasiri haikutuchosha. Ndiyo iliyotupumzisha, mama akiwa wa kwanza.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujafungua ramani, waite watu wako mkae. Mtazame yule atakayesema, "Nyinyi nendeni." Mpango uanzie kwake. Melaka na Langkawi hatukuziona, na hazijatudai kitu. Lakini jioni, barazani kwetu, wanapokuja majirani kuulizia habari za Malaysia, sisi hatupati nafasi ya kusema. Mama ndiye anayehadithia.

Wabillahi tawfiq.