Springi ya Gari la Safari Ichaguliwe kwa Mizani, Siyo kwa Macho

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi madereva wa magari ya safari tunalizungumza kila siku gereji na kambini, lakini matajiri wetu hawalisikii. Jambo lenyewe ni mtindo wa kuinua magari na kuyafunga springi ngumu bila mtu yeyote kujua gari linabeba kilo ngapi.

Siku hizi ukipita katika gereji za Arusha utakuta Land Cruiser iliyokatwa na kurefushwa chasisi, ikawekewa paa la kufunuka ili wageni waone wanyama, ikafungwa keria, magurudumu mawili ya akiba na kulabu ya kuvutia tela la mahema. Halafu tajiri anamwambia fundi: "Niinulie, na nyuma niongezee vipande vya springi." Fundi anatii. Gari linatoka limesimama kama jogoo, na tajiri anafurahi. Hakuna aliyeuliza uzito.

Hebu tupige hesabu ndogo, maana hesabu haina upendeleo. Chukua wageni sita na dereva wao, kila mmoja kilo 75. Hapo tuna kilo 525. Mabegi ya wageni, kilo 15 kila mmoja, ni kilo 90. Dizeli lita 130 ni karibu kilo 110. Maji lita 60 ni kilo 60. Magurudumu mawili ya akiba hayapungui kilo 60. Friji, chakula, jeki na vifaa vya dereva tuseme kilo 80. Jumla ni kilo 925, na bado hatujahesabu chuma kilichoongezwa wakati wa kurefusha gari wala keria iliyoko juu.

Sasa lije tela. Tela la kilo 800 lililopakiwa vizuri hukandamiza kulabu kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 80. Wengi hudhani kwamba kilo 80 hizo ni sawa na kumpakia mtu mmoja zaidi. Sivyo. Kulabu iko nyuma ya ekseli, hivyo inafanya kazi kama mtaimbo. Ikiwa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3, na kulabu iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, basi ekseli ya nyuma inabeba kilo 112, na ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 32. Mbele kukiwa kwepesi usukani unalegea na magurudumu ya mbele hayashiki barabara sawasawa wakati wa kufunga breki. Ukitaka kukwepa hilo kwa kupakia mizigo nyuma ya tela ili kulabu iwe nyepesi, tela litaanza kuyumba, na likishayumba kwa mwendo mkali huligeuza gari.

Hivyo basi, jambo la kwanza ni kupima. Gari lipakiwe kama siku ya safari, na watu wakiwa ndani, lipimwe lote, kisha ipimwe kila ekseli peke yake. Baada ya hapo tajiri asome kibati cha kiwanda kinachoonyesha uzito wa juu ulioruhusiwa. Hapo ndipo atajua kama anahitaji springi nyingine au anahitaji kupunguza mzigo.

Jambo la pili ni springi zenyewe. Land Cruiser za namba 78 na 79, ambazo zilitoka mwaka 1999, mbele zina springi za koili, na nyuma zina springi za vipande vilivyolaliana. Springi nzuri huuzwa kwa daraja za uzito, na daraja ichaguliwe kwa mzigo ambao gari linabeba siku nyingi za mwaka, siyo mzigo wa siku moja ya sikukuu. Gari lenye springi laini kuliko mzigo wake hukaa chini nyuma, hugota kwenye mipira kila shimo, na taa zake huwapofusha wanaokuja mbele. Lakini gari lenye springi ngumu kuliko mzigo wake nalo ni la hatari vilevile. Likiwa tupu huruka kama mbuzi, na gurudumu lililoko hewani halina breki wala halifuati usukani. Kuongeza kipande kimoja au viwili kwa kubahatisha ndiyo njia rahisi ya kulifikisha gari hapo.

Kuna wanaopenda kutia mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma ili gari linyanyuke wakati wa kuvuta tela. Mifuko hiyo inafaa kwa kurekebisha kidogo tu. Springi za vipande huikabidhi chasisi uzito mahali pawili, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko uliowekwa katikati hukusanya nguvu mahali pamoja, na kwa tela zito nyuma yake, chasisi inaweza kupinda au kupasuka hapo hapo. Chasisi iliyokwisha kukatwa na kuungwa inahitaji tahadhari zaidi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la tatu ni shokapu, na hapa ndipo fedha zetu nyingi zinapopotea. Watu wengi hudhani kwamba shokapu hubeba gari. Mbebaji ni springi, na kazi ya shokapu ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya shimo. Inafanya hivyo kwa kusukuma oili katika matundu madogo, na ule mchezo hugeuka kuwa joto. Katika njia za changarawe za Serengeti, ambazo zina vijimawimbi kama mgongo wa bati, shokapu haipumziki hata dakika moja. Oili huchemka, ikachanganyika na hewa na kufanya povu, na povu halina nguvu ya kuzuia kitu. Dereva huona gari likianza kuelea na mkia kwenda upande, akadhani ni tairi.

Kwa hiyo anayechagua shokapu kwa gari la safari asiangalie rangi yake. Aangalie unene wa mwili wake, maana iliyo nene ina oili nyingi na hupoa vizuri zaidi. Aangalie kama ina gesi ya kuzuia povu, na kama imelinganishwa na springi anazofunga. Shokapu laini kwenye springi ngumu itakufa mapema, na shokapu ngumu kupita kiasi kwenye springi laini itawavunja wageni migongo. Ahakikishe pia kwamba bushi zake zinapatikana hapa nchini. Na dereva naye atimize wajibu wake: apunguze mwendo, ashushe upepo wa tairi kwa kiasi kinachofaa njia ya changarawe, na akirudi kwenye lami aujaze.

Kuhusu kuinua gari, sipingi kabisa. Sentimita 4 au 5 zinasaidia katika makorongo na tope la masika. Lakini kila kitu kina bei yake. Gari likinyanyuliwa, uzito wake hupanda juu na kupinduka huwa rahisi. Pembe ya magurudumu ya mbele hubadilika na gari huanza kutangatanga barabarani, na mipira ya breki huvutika. Fundi anayeinua gari bila kurekebisha mambo hayo amefanya nusu ya kazi.

Ndugu Mhariri, sasa nifikie lile ambalo hasa limenifanya nishike kalamu. Springi mpya haibadilishi kibati cha kiwanda. Haiongezi nguvu ya ekseli, ya bearingi, ya rimu wala ya breki. Inachofanya ni kuficha uzito. Gari lililolemewa ambalo zamani lingeonekana limelala nyuma, sasa linasimama wima, na kila mtu anaamini liko salama. Kisha linateremka kuingia Kreta ya Ngorongoro, karibu mita 600 kwenda chini, na breki zilezile za zamani. Waliomo ndani hawajui lolote. Wamekuja kutazama wanyama.

Kule Australia, ambako watu wengi huvuta karavani kwa magari ya aina hii na ambako springi nyingi tunazozisifia zinatoka, mwenye gari hawezi kujiongezea uzito ulioruhusiwa kwa kufunga springi tu. Mabadiliko hayo lazima yathibitishwe kwa utaratibu wa sheria, na gari lipewe kibati kipya. Sisi tumenunua springi, lakini utaratibu wake tumeuacha bandarini.

Naomba mambo matatu. Kwanza, matajiri wa magari ya safari wayapime magari yao yakiwa yamepakiwa kabla ya kununua springi, na karatasi ya uzito ikae ndani ya gari ili dereva aisome. Pili, vyuo vyetu vya ufundi, VETA ikiwa mbele, viwafundishe vijana kuchagua springi na shokapu kwa hesabu, kwani ufundi wa kukisia umepitwa na wakati. Tatu, wakaguzi wa magari wasitosheke na taa na tairi, bali waangalie pia chasisi zilizorefushwa, springi zilizoongezwa na tela zinazovutwa.

Najua wapo watakaosema kwamba gharama ni kubwa na ushindani ni mkali. Lakini kupima ni kazi ya nusu saa. Na dereva akimwambia tajiri wake, "Bosi, mzigo huu umezidi," asionekane mvivu au mkorofi. Yeye ndiye anayeushika usukani mteremkoni, na roho za watu saba ziko mikononi mwake.

Dereva wa Siku Nyingi,
Arusha.