Mashoka ya Kariandusi

Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo aliongoza upinzani dhidi ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kwa kuyatangulizia watu mifupa ya Mvulana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Sisi wa Nakuru jambo hilo latugusa. Kariandusi, karibu na Gilgil, mashoka ya mawe ya watu wa kale yangali pale pale yalipofukuliwa. Mtoto akiuliza ni nani aliyeyachonga, mwalimu asimnyamazishe. Naonelea mageuko ya viumbe yafundishwe waziwazi, kisha wanafunzi wapelekwe Kariandusi wakajionee. Wakiyasikia mengine kanisani, wayapime kwa akili waliyopewa na Mungu.